Maswali na Majibu: Daftari la mtu mwenye maisha mawili

Ukurasa huu hujibu barua za wasomaji kuhusu sheria, upelelezi na haki za raia. Mwezi huu barua nyingi kutoka mikoa ya Kigoma na Tabora zimezungukia jambo moja: maisha ya siri ya mtu anayetuhumiwa kuua watu mmoja baada ya mwingine, na pesa zake. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Nasikia mtu akikamatwa kwa tuhuma za kuua watu kadhaa, wapelelezi wanakimbilia akaunti na miamala yake ya simu. Lakini huyo hakuiba benki. Pesa zinawasaidia nini? — Msomaji, Mwanga, Kigoma

Zinawapa saa na mahali.

Mauaji ya kawaida huchunguzwa kuanzia kwa marehemu: aligombana na nani, anamdai nani, aliachana na nani. Muuaji wa mfululizo mara nyingi hana undugu, deni wala ugomvi na anayemuua, kwa hiyo njia hiyo hukatika mapema. Kinachobaki ni kuanzia upande wa pili. Wapelelezi huijua kwanza siku ya kawaida ya mtuhumiwa, kisha wakatafuta siku ambazo hazikuwa za kawaida. Na siku ya kawaida ya mtu wa leo imeandikwa na pesa: nauli, mafuta ya pikipiki, vocha, LUKU, kodi ya chumba, ada, rejesho la mkopo.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya ujanja. Juu ya kalenda moja huchorwa mistari minne. Wa kwanza ni siku na saa kila marehemu alipoonekana mara ya mwisho. Wa pili ni simu ya mtuhumiwa, yaani ilishikwa na mnara upi. Wa tatu ni pesa, kila muamala na dakika yake. Wa nne ndio ambao wapelelezi wachanga huusahau, nao ni wajibu wa mtu: zamu za kazi, misiba, ibada, safari za mke, siku za kufunga shule. Kisha unatazama mistari inapogongana, na zaidi inapokaa kimya yote kwa pamoja.

Gary Ridgway, muuaji wa mfululizo aliyekamatwa tarehe 30 Novemba 2001 katika jimbo la Washington, Marekani, alikuwa mpaka rangi wa malori katika kiwanda cha Kenworth. Wapelelezi walichukua rekodi zake za mahudhurio kazini wakazilinganisha na siku wanawake walipotoweka. Rekodi hizo hazikuthibitisha kwamba ameua. Kazi yake ilikuwa kuziba mlango wa utetezi mmoja: "siku hiyo nilikuwa kazini". Kilichomfunga ni vinasaba na chembe ndogo mno za rangi ya kupulizia. Mwaka 2003 alikiri mauaji 48, na la 49 mwaka 2011.

Israel Keyes alikuwa fundi ujenzi Anchorage, Alaska. Alijua habari ya rekodi: alilipa taslimu, alizima simu akiwa safarini, na baadhi ya safari alizigharamia kwa pesa za kuvamia mabenki. Alifikiwa kupitia kadi ya benki ya msichana ambaye yeye Keyes alimuua. Kila alipotoa pesa kwenye mashine, kuanzia Alaska kisha Arizona, New Mexico hadi Texas, ilibaki tarehe, saa na mahali, na kamera ikaonyesha aina ya gari. Tarehe 13 Machi 2012 alisimamishwa barabarani Lufkin, Texas.

Karibu nasi kuna kesi ya Kware, Nairobi, ya Julai 2024, miili ya wanawake ilipoopolewa kwenye dimbwi la taka. Polisi wa Kenya walisema walimfikia mtuhumiwa kwa kufuata simu ya mmoja wa waliopotea. Walisema pia alikiri kuua wanawake 42. Wakili wake akasema mteja wake aliteswa. Tarehe 20 Agosti 2024 mtuhumiwa huyo akatoroka mahabusu. Hapo ndipo msomaji aone thamani ya rekodi. Maungamo yanaweza kukanwa, na yakipatikana kwa kipigo yanastahili kukanwa, lakini muamala wa saa 3:14 usiku kwenye mnara fulani hauna mgongo wa kupigwa.

Tuongeze tahadhari, maana tunaona vijiweni watu wanakwenda mbali. Taarifa ya miamala ikifunguliwa, siri zinazotoka kwa kawaida ni kamari, nyumba ndogo, mtoto wa nje na mikopo ya kausha damu. Mtu anaweza kuwa na laini tatu na maisha mawili bila kumgusa mtu. Pesa itakuonyesha alikuwa wapi na alidanganya lipi. Nani aliua ni swali la ushahidi mwingine, na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inataka mtu asitendewe kama mkosaji mpaka hatia ithibitike.

Sisi wakulima wa tumbaku hatuna mshahara. Pesa inaingia kwa mkupuo, inatoka kwa mkupuo. Mpelelezi wa mjini akiangalia akaunti yangu si atasema ni pesa ya damu? — Mkulima, Urambo

Hofu yako ina msingi, nasi tunaipa nafasi kwa sababu hapa ndipo kazi hii inapokosewa zaidi.

Njia ya mkato ni kuchukua mapato ya mwaka, kuyagawa kwa 12, kisha kutilia shaka mwezi wowote uliozidi mno. Njia hiyo inamfaa mwalimu. Kwa mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge ni upotoshaji mtupu. Masoko ya tumbaku huwa kuanzia Aprili au Mei mpaka Agosti hivi; malipo hupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mkopo wa mbolea na pembejeo ukakatwa kwanza, na kinachobaki huingia mara moja au mbili. Wiki hiyohiyo kinatoka: mabati, ng'ombe, mahari, ada, deni la duka. Miezi inayofuata akaunti inakuwa kavu. Huo ukavu ndio hali yake ya kawaida.

Kwa hiyo usitupe karatasi zako za mauzo. Zinaonyesha kilo za kila robota (furushi la tumbaku), gredi, bei na makato. Zifunge pamoja na stakabadhi za AMCOS za msimu huo, na ukinunua ng'ombe mnadani tunza risiti na kibali cha kuwasafirisha. Mpelelezi makini ataweka robota upande mmoja na pesa upande mwingine. Zikilingana, habari ya mkupuo imekwisha.

Kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika kalenda ni ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti samaki, na nyavu hupumzika karibu wiki nzima. Mvuvi wa Kibirizi anayesema "usiku ule nilikuwa ziwani" katika usiku wa mwezi mpevu amesema jambo linalohitaji swali la pili. Vilevile, mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mtu mwenye miamala mikubwa ya Juni mwaka huo aliyoiita "ya dagaa" aulizwe, lakini aulizwe kwa haki: dagaa wakavu wanaweza kukaa ghalani na kuuzwa baadaye. Atajwe mnunuzi, ionekane stakabadhi ya ushuru wa mazao, ijulikane mzigo ulipanda gari gani.

Simu nayo ina mtego wake mkoani Kigoma. Mjini minara imesongamana, na mnara mmoja unashika mitaa michache. Vijijini Uvinza mnara mmoja unaweza kuhudumia eneo pana sana. Kwa teknolojia ya GSM kikomo ni kilomita 35, na umbali kutoka mnarani hukadiriwa kwa hatua za takriban mita 550. Ukisikia mahakamani kwamba "simu ilikuwa eneo la tukio", uliza eneo hilo lina ukubwa gani. Na kule Kagunga, mpakani, simu inaweza kushikwa na mnara wa Burundi huku mwenyewe amekaa kibarazani kwake.

Nimesoma kuna askari wa kike Afrika Kusini aliua ndugu zake kwa ajili ya bima. Je, hata huku mtu anaweza kunikatia bima bila mimi kujua? — Mama, Kibondo

Ni Rosemary Ndlovu, sajenti wa polisi katika kituo cha Tembisa Kusini. Kati ya mwaka 2012 na 2018 waliuawa jamaa zake watano na mpenzi wake, naye akalipwa bima zinazofika takriban randi milioni 1.4. Oktoba 2021 alitiwa hatiani, na tarehe 5 Novemba 2021 akahukumiwa vifungo sita vya maisha.

Kesi yake ni somo zuri la pesa, mama, kwa sababu hakukuwa na hundi moja kubwa ya kushtua. Alitumia bima za maisha na za mazishi, nyingi ndogondogo, kwenye kampuni mbalimbali. Bima ya mazishi kwa kawaida haidai vipimo vya daktari, na kifo cha ajali au cha kuuawa mara nyingi hakisubiri ile miezi ya awali ambayo kifo cha ugonjwa husubiri. Kila kampuni iliona dai moja tu dogo la mfiwa mmoja. Picha nzima ilionekana pale madai yote yalipowekwa kwenye karatasi moja: wafu tofauti, mnufaika yuleyule.

Hapa kwetu, anayekata bima ya maisha ya mtu mwingine anatakiwa awe na maslahi yanayotambulika katika uhai wake, kama mke kwa mume au mdai kwa mdaiwa. Tatizo ni fomu. Mwenye nakala ya kitambulisho chako, tarehe yako ya kuzaliwa na sahihi ya kuigiza anaweza kujaribu. Usiache nakala ya kitambulisho cha NIDA kwa mtu asiyekueleza ni ya nini, na ukilazimika kuitoa, andika juu yake kwa kalamu kazi yake na tarehe, kwa mfano "Kwa ajili ya mkopo wa kikundi tu". Ukiwa na shaka, iandikie kampuni husika ukiuliza kama una bima kwa jina na namba yako ya NIDA. Isipojibu, peleka nakala ya barua hiyo kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Tazameni na vikoba vyenu. Vingi vina mfuko wa jamii unaotoa rambirambi mwanachama akifiwa. Katibu aandike jina la aliyekufa, uhusiano wake na mwanachama, na namba ya cheti cha kifo au barua ya mtendaji. Daftari lenye "msiba, 200,000" peke yake halimlindi mtu yeyote.

Asalaam aleikum. Mume wangu yuko mahabusu, anatuhumiwa kuua watu watatu. Tuna miaka tisa ya ndoa, ya Kiislamu. Polisi walipekua wakachukua simu mbili, moja sijawahi kuiona, kadi ya benki na pesa taslimu. Watachukua nyumba? Nitalazimishwa kutoa ushahidi? Naweza kudai talaka sasa? Na watu wananiambia lazima nilijua. — Dada, Ujiji

Waaleikum salaam dada, na pole sana. Tuanze na la mwisho, maana ndilo linalokuumiza kila ukienda kisimani.

Si lazima ulijua. Dennis Rader wa Kansas, Marekani, aliua watu 10 kati ya mwaka 1974 na 1991. Alipokamatwa tarehe 25 Februari 2005 alikuwa mfanyakazi wa halmashauri, rais wa baraza la kanisa lake, na mume wa mke mmoja kwa miaka 34. Mkewe hakujua, na Julai mwaka huohuo hakimu alimpa talaka ya dharura bila kumsubirisha. Kule Massapequa Park, New York, alikokamatwa mchora ramani za majengo tarehe 13 Julai 2023, waendesha mashtaka walieleza kwenye nyaraka zao kwamba wanawake walitoweka wakati mke wake alikuwa safarini. Mshtakiwa alipofikishwa mahakamani alikana. Mke anaona kipande alichoonyeshwa. Laini nyingine, chumba kingine, zamu ya uongo kazini, vyote hivyo hufichwa yeye kwanza kabla ya mtu mwingine.

Sasa hati ya upekuzi. Itafute leo hii. Afisa aliyechukua vitu anatakiwa kutoa stakabadhi yenye sahihi ya mwenye nyumba au ndugu aliyekuwepo na sahihi za mashahidi, mara nyingi mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Angalia simu zimeandikwaje. "Simu ndogo nyeusi moja" haitoshi, kwa sababu simu ndogo nyeusi ziko elfu. Inatakiwa namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, inayopatikana kwa kubonyeza *#06# au chini ya betri. Pesa ziandikwe kwa idadi ya noti: elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, na kama kulikuwa na faranga za Burundi au za Kongo ziandikwe kivyake. Kama ulitia sahihi, umethibitisha vitu vilitoka chumbani. Hukukiri kwamba ile simu usiyoijua ni yako. Huna nakala? Iombe kituoni kwa maandishi, na usiku huuhuu andika unachokumbuka: saa walipoingia, nani alishuhudia, kila kitu kilitoka kona ipi. Kumbukumbu ya siku ya pili ni bora mara kumi kuliko ya mwezi wa sita.

Akaunti kuchunguzwa si sawa na kuzuiwa. Nenda benki na barua, uulize: je, kuna zuio, limetolewa na mahakama gani, tarehe ngapi? Kama lipo, maombi ya kulegezewa kwa ajili ya chakula na ada hupelekwa kwenye mahakama iliyolitoa, yakiambatana na ushahidi wa pesa zako mwenyewe zilizoingia humo. Tunakusihi usitoe pesa yote kwa haraka wala usihamishie kwa kaka. Hata kama nia yako ni sukari ya watoto, kwenye taarifa ya benki itasomeka kama mali inafichwa.

Nyumba haichukuliwi kwa sababu tu mtu ameshtakiwa kwa mauaji. Sheria ya Mazao ya Uhalifu inagusa mali iliyopatikana kwa uhalifu au iliyotumika kuutenda. Nyumba iliyojengwa kwa biashara ya mawese si zao la uhalifu. Hatari ya karibu zaidi, dada, ni ndugu wa mume wanaotaka kuuza nyumba "tupate wakili". Usikubali kwa sababu hiyo. Shauri la mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, kwenu ni Kanda ya Kigoma, na mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, weka zuio kwa msajili wa hati. Kama hakijapimwa, peleka barua serikali ya mtaa na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Ushahidi: mke anaweza kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, ila kwa kawaida halazimishwi. Zipo hali sheria imezitoa katika kinga hiyo, kwa mfano kosa likiwa dhidi yako au dhidi ya mtoto wenu. Mahakama inatakiwa ikueleze haki yako kabla hujasema lolote, na iandike kwamba imekueleza. Isipofanya hivyo, maneno yako hayatumiki dhidi yake. Kituoni ukiandikwa maelezo, omba usomewe kabla ya sahihi, na palipokosewa parekebishwe mbele yako. Lakini kuchoma daftari, kufuta ujumbe au kutupa laini ni kosa linalosimama peke yake.

Talaka inaanzia baraza la usuluhishi, kwenu BAKWATA, kisha mahakamani. Sheria inataja kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mahabusu si kifungo, kwa hiyo kwa sasa sababu hiyo haijakomaa. Kama kulikuwa na ukatili, uzinzi au kutelekezwa, hizo zinasimama zenyewe bila kusubiri kesi. Na ukifika kwenye mgawanyo, usidhani kwa kuwa hukuwa na mshahara huna fungu: tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango.

Mimi ni wakala wa pesa za simu. Askari wawili wasiovaa sare walitaka daftari langu kwa ajili ya mteja anayechunguzwa kwa mauaji. Niliwaruhusu wapige picha. Nimekosea? — Wakala, Kasulu

Kushirikiana hukukosea, utaratibu ndio uliokosekana. Safari nyingine omba kitambulisho cha kazi, andika jina, namba na kituo, na uombe barua au amri. Wakilichukua daftari lenyewe, dai stakabadhi inayotaja idadi ya kurasa, tarehe ya mstari wa kwanza na ya mstari wa mwisho. Wewe baki na picha za kurasa zote. Picha iliyopigwa kwa simu ya askari bila hati ni dhaifu mahakamani, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha ilipita mikono ya nani.

Daftari lako lina kitu ambacho mtambo wa kampuni hauna: sahihi ya mtu aliyesimama mbele ya kibanda. Mtambo unajua laini, daftari linajua mkono. Thamani hiyo hupotea kwa makosa mawili tunayoyaona kila mara. La kwanza ni kujaza mistari jioni kwa kukumbuka, kalamu moja, mwandiko mmoja, saa za kukisia. La pili ni floti (salio lako la uwakala) ikiisha unatumia laini ya kibanda jirani: muamala unaonekana umefanyika kwake, na mteja wako anaonekana alisimama mahali ambapo hakusimama. Kama ulifanya hivyo siku ile, mwambie mpelelezi leo. Na usiliandike upya daftari hata kama limelowa mchuzi.

Nina nyumba ya wageni karibu na stesheni, Tabora. Mgeni ameacha begi, wiki ya pili sasa, na nimesikia anatafutwa. Nilifungue? — Mwenye gesti, Tabora mjini

Usilifungue, usilihamishe zaidi ya inavyobidi, na chumba kama bado hakijapewa mtu kifunge. Kama mhudumu alishafagia na kubadili shuka, andika jina lake na siku aliyofanya hivyo. Mwite mwenyekiti wa mtaa, ripoti kituoni, chukua namba ya taarifa, na begi lifunguliwe mbele ya mashahidi.

Kitabu cha wageni ndicho hazina yako. Jina linaweza kuwa la uongo, lakini mwenye kudanganya jina mara nyingi huandika kweli safu nyingine kwa mazoea: atokako, aendako, kazi. Mwandiko ni wake, na siku inalinganishwa na treni au basi la siku hiyo. Andika pia alilipaje. Kama alituma kwa simu badala ya taslimu, tayari kuna laini, na laini ina mwenyewe. Kuanzia sasa, mhudumu aangalie kitambulisho na anakili namba kwa mkono wake, si kumwachia mgeni ajaze.

Watoto wawili wa mtuhumiwa wako darasani kwangu. Wenzao wanawaita majina. Waandishi wamefika getini. — Mwalimu, Kaliua

Waandishi wasiingie, na orodha ya wanafunzi, picha wala jina la mtoto lisitoke ofisini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinawalinda. Mjulishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kwa maandishi. Darasani zungumza na darasa zima bila kuwataja, na wale wanaowaita majina waite mmojammoja pamoja na wazazi wao.

Niliposajili laini kwa machinga aliniwekesha kidole mara tatu akisema mtandao mbaya. Laini ya jina langu ikitumiwa na muuaji, nitafungwa? — Kijana, Nzega

Kidole mara tatu kinaweza kuwa laini tatu. Bonyeza *106# sasa, ufuate menyu ya namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho cha NIDA ukaifute, na uombe karatasi inayoonyesha tarehe ya ombi lako. Kama namba hiyo imeshatumika vibaya, anza kituo cha polisi kabla ya duka, ili rekodi yake ibaki kama ilivyo.

Usajili peke yake haukufungi. Wapelelezi hutazama laini ilikaa kwenye simu yenye IMEI gani, simu hiyo ilibeba laini nyingine zipi, na usiku ililala kwenye mnara upi. Kama laini ililala Kibondo miezi mitano na simu yako imelala Nzega, rekodi hizohizo ndizo zitakazokutoa.